Usibonyeze "Sasisha" mkuu, soma hapa kwanza

Mkuu, toa mkono kwenye kipanya. Simaanishi baadaye, namaanisha sasa hivi.

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala nikapitilizwa kituo. Unasema umejenga reli ya Tanga mwenyewe kwenye simuleta ya treni, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza kuendesha treni, umeanzia mjini umefika Mombo, sasa toleo jipya limetoka na punguzo linaisha Jumapili, uapdeti au usiapdeti. Halafu laptopu yako yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 8 itahimili? Halafu ununue kidhibiti gani cha mkononi chenye breki na honi? Halafu vichwa vya treni vya kwetu vinapatikana wapi? Na wachangiaji watatu hapo juu wamekujibu "twende kazi mkuu, picha ni kali balaa". Hao watatu sina ugomvi nao, ila ningependa kuona kilomita moja tu ya reli waliyoitandika wao.

Mimi niliambiwa maneno hayohayo. "Bonyeza tu, hakuna kinachopotea."

Yangu ilikuwa Kilosa hadi Gulwe. Hicho ndicho kipande reli ya Kati inapopenya bonde la mto Mkondoa kupanda kuelekea Dodoma, kona juu ya kona, daraja baada ya daraja. Baba alikuwa gadi wa treni ya abiria, kwa hiyo majina ya Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode niliyajua kabla ya kujua majina ya mitaa ya kwetu. Nilijenga kwa miezi 14. Milima niliitoa kwenye data za SRTM, zile zilizopimwa kutoka angani na Wamarekani mwaka 2000 na zinazopatikana bure. Ila hizo zinapima nukta moja kila baada ya mita 30 hivi, kwa hiyo bonde jembamba linakutokea kama sahani ya wali. Inabidi ulichonge kwa mkono, jicho moja kwenye picha za setilaiti. Reli zinazokuja na programu ni za upana wa 1,435 mm, za Ulaya na Marekani na hizi za SGR zetu. Ya Kati ya zamani, kama hiyo yako ya Tanga, ni mita moja kamili. Basi nikatengeneza reli yangu, na mataruma yake ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli. Mibuyu nilipanda mmoja mmoja. Usicheke. Ukiiachia kompyuta ipande yenyewe, inakuwekea mbuyu katikati ya mto.

Sasa usiku wenyewe. Apdeti ilikuwa ya GB 38, nikanunua bando la usiku, lile linalokatika saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa usiku ikamaliza kushuka, kikaja kisanduku kinasema njia zangu, yaani reli nilizojenga, zitabadilishwa ziendane na toleo jipya, niendelee au niache. Kitufe cha kuendelea kikubwa, cha kijani. Cha kuacha kidogo, cha kijivu, kama wamekionea aibu. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo unaosema mabadiliko hayo hayarudishwi nyuma. Ule mstari sikuusoma. Tangu siku ile nimeusoma mara nyingi sana, naweza kukukariria.

Utasema sikuwa na bakapu. Nilikuwa nayo! Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo na wewe unakwenda kudumbukia, nimeona ulivyoandika "kopi ninayo kwenye kompyuta". Kopi yangu ilikuwa ndani ya folda la programu yenyewe. Nililiita KILOSA_USIFUTE, kwa herufi kubwa, nikajiona mjanja. Kifaa cha kuapdeti kilipopita kikakuta folda kisilolitambua, kikalisafisha. Kiswahili hakijui.

Asubuhi nikafungua. Stesheni ya Kidete ipo, jengo lipo, ila reli iko hewani mita tatu kutoka ardhini. Toleo jipya lilikuwa linasoma kimo cha ardhi kwa namna nyingine, kwa hiyo ardhi ikashuka na reli ikabaki ilipokuwa. Mibuyu yote imekuwa miraba ya rangi ya waridi. Kichwa cha treni nilichonunua kwa hela yangu kimegeuka cheupe pe, hakina magurudumu. Kinapiga honi lakini hakiondoki. Nilikaa pale nabonyeza honi tu.

Baba akaja na kikombe chake cha chai, akainama mpaka pua ikakaribia skrini, akatazama ile reli inavyoning'inia na mataruma yake kama ngazi ya kamba. Akauliza, "Hii ni mafuriko ya tisini na nane au ya elfu mbili na kumi?"

Mzee hakuwa anatania. Kipande kile Mkondoa umekula tuta mara nyingi, na tuta likiondoka reli hubaki hewani hivyohivyo. Nikamwambia hapana baba, hii ni apdeti. Akanywa chai kidogo, akasema, "Sisi tulikuwa tunaleta kokoto."

Nikatafuta kokoto basi. Nilimfuata aliyenishauri, admini wa kundi letu la WhatsApp. Jina simtaji, mwenyewe yumo humu na atajijua. Nikamuuliza, kaka, wewe ulipoapdeti reli zako zilikuwaje? Akajibu yeye hajengi, yeye anaendesha zile zinazokuja na programu. Nilisoma ule ujumbe mara mbili. Kumbe kweli kwake hakuna kinachopotea, maana hana alichoweka! Abiria anamfundisha kazi fundi wa njia, na fundi wa njia, yaani mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikamsikiliza. Hakuomba hata radhi. Akaongeza kwamba tatizo ni mashine yangu, "ni ndogo, ndiyo maana inachora vibaya".

Na hapo ndipo ujinga wangu wa pili ulipozaliwa. Kama mtu amekudanganya mara moja, kwa nini umuulize tena? Sijui. Nilikuwa na uchungu, na mwenye uchungu hununua vitu. Nikaenda Kariakoo nikanunua kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kompyuta, laki nne na themanini, muuzaji ananiambia "hii inakula kila kitu, bosi". Nafika nyumbani, pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, haina waya wa kuilisha. Nikarudi kununua pawasaplai. Nayo ni ndefu, boksi la kompyuta halifungi. Nimetumia mashine ikiwa ubavu wazi miezi mitatu, paka anaingia kulala humo kwa sababu kuna joto. Na reli? Hewani palepale. Tofauti ni kwamba sasa niliiona ikiwa hewani kwa ung'avu mkubwa, na kivuli chake kinaanguka vizuri sana juu ya bonde.

Mama watoto anaiita "treni isiyoleta hata gunia la mkaa". Sina jibu.

Na hilo toleo lililonifanyia yote hayo lilidumu miezi 11, likatoka jingine. Likaja na punguzo lake, linaisha Jumapili. Sijui kwa nini haya mapunguzo yote yanaisha Jumapili, kama mnada wa kanisani.

Mkuu elewa kinachoendelea. Hizi simuleta za kisasa hela yake haiko kwenye programu, iko kwenye njia na vichwa vya treni vinavyouzwa kimoja kimoja. Toleo jipya ni mlango mpya wa duka lilelile. Wewe unayejenga reli yako mwenyewe, bure, nyumbani, si mteja wanayemfikiria wenye programu wanapobadilisha faili. Siwachukii, watu wale. Lakini usingoje wakulinde.

Tazama kinyume chake. Microsoft walitoa Train Simulator yao mwaka 2001. Mara mbili walitangaza ya pili na mara mbili waliifuta, ya mwisho Januari 2009 walipofunga studio iliyokuwa inaitengeneza. Watu walilia. Lakini kwa kuwa hakuna mtu aliyeendelea kuchokonoa zile faili, njia nyingi zilizojengwa enzi hizo bado zinafunguka leo ndani ya Open Rails, simuleta nyingine ambayo ni ya bure na imetengenezwa na watu wa kujitolea. Reli ya mtu iliyojengwa zaidi ya miaka 20 iliyopita inatembea. Yangu ya miezi 14 ilikufa kati ya saa tisa na saa kumi usiku.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu na nitairudia mpaka modereta anifungie: kabla ya kugusa toleo lolote, folda lote litoke nje ya kompyuta, na lijaribiwe huko nje. Nje maana yake diski ya nje, unainakili, unaichomoa, unaiweka kabatini. Si "D" ya kompyuta hiyohiyo. Na kujaribiwa maana yake unaipeleka kwenye mashine ya jirani au ya ofisini, unaifungua, unapanda kwenye kichwa cha treni, unaendesha Tanga mpaka Muheza na inafika. Kama haijafika Muheza hiyo si bakapu, hiyo ni matumaini. Na chungulia vizuri, programu nyingine huweka njia ulizojenga mwenyewe kwenye folda tofauti kabisa na la programu, limejificha kule kwenye faili za mtumiaji. Nimemwona mtu kanakili GB 90 za vitu vya dukani na akaiacha reli yake mwenyewe nje. Nakili yote mawili.

Kama umeinunua kupitia Steam, lile duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, nenda kwenye mipangilio ya programu hiyo uweke isubiri mpaka uifungue ndipo iapdeti. Kuzima kabisa hawakuruhusu. Mimi siku ninayojenga nafungua Steam bila intaneti, na kompyuta ya reli siiunganishi na kitu chochote, hata mtoto akiomba kuangalia katuni. Vilevile kachungulie sehemu ya matoleo ya majaribio, wakati mwingine wenye programu huacha toleo la zamani mle na unaweza kulichagua. Wakati mwingine. Usiweke reli ya Tanga rehani kwa "wakati mwingine".

Halafu umesema unaona aibu kwamba umetumia miaka miwili na uko Mombo tu. Aibu ya nini? Wajerumani walianza hiyo reli Tanga mwaka 1893, wakafika Mombo 1905. Miaka 12. Kampuni iliishiwa hela Muheza, serikali yao ikaichukua 1899 ndipo wakasonga. Na pamoja na hayo yote, hela ilipoisha reli ilibaki Muheza ilikokuwa. Hawakuamka asubuhi wakaikuta iko juu ya minazi.

RAM 8, sijui, itakwama hapa na pale, punguza miti, hilo ni jambo dogo, usinitoe kwenye mstari.

Ukitaka kujua yangu iliishaje: mpwa wangu alikuwa na flashi niliyompa zamani achezee, ina kilomita za mwanzo za kutoka Kilosa tu, tena kabla sijarekebisha daraja. Nikaanzia hapo. Toleo ninalotumia ni la zamani, nimeshuka kulirudia kwa makusudi, picha zake si kali balaa, maji ya Mkondoa yanaonekana kama bati. Kadi ya laki nne na themanini inaendesha kitu ambacho kadi ya zamani ilikuwa inakiweza. Niko Godegode sasa hivi. Baba ananikosoa upande uliko mnara wa maji, na anakosea yeye, ila nimeuweka anakotaka.

Diski ya nje unayo au huna? Kama huna, nunua leo, hela ya punguzo unayotaka kuokoa inatosha. Ukimaliza kunakili, piga picha ukubwa wa folda la ndani na ukubwa wa folda la nje, zikiwa zinalingana, uziweke hapa kwenye uzi. Kabla sijaona hizo picha mbili sijibu swali lingine lolote.