Mwanangu, hayo mafunzo nendeni

Mwanangu, voisi yako nimeiskiza. Waniuliza kama mkubali hayo mafunzo ya wanandoa aliyowaambia kaunsela, manake mumeo hakupigi, hakunyimi, ila mmechokana tu, akitoka shifti bandarini yuko na simu, wewe jikoni, na mkiongea ni karo na tokeni za stima.

Nendeni, na msingoje mgombane kwanza.

Huo uchovu una wenyewe walousoma. Mwanasaikolojia Ayala Pines aliandika kuwa hauletwi na kisa kimoja kikubwa, wajijenga pole pole, ulitarajia hivi ukapata vile, kila siku, mpaka mwili, moyo na akili vyote vimechoka. Kwa hivo usijione huna shukrani.

Sisi tulipoolewa tulipewa somo, yaani kungwi, akatufunza, lakini somo alimfunza mwanamke, mwanamume nani alomfunza kuskiza? Aliachwa tu na kikoi chake. Huko mtakaa nyote wawili, na si kutafuta nani mwenye makosa, ni mazoezi, mmoja aongea, mwengine arudia alichoskia kabla hajajibu, alafu mnajifunza kulalamika bila kuanza na "wewe kila siku".

Kuna Mmarekani, John Gottman, amechunguza wanandoa miaka na miaka, asema kinachoua ndoa zaidi ni dharau. Hiyo ya kubenua mdomo mwenzio akiongea, siku ya Idi nilikuona! Asema pia walio sawa, hata wakibishana, kila baya 1 lina mazuri kama 5 hivi. Na moyo ukianza kwenda mbio mpumzike kwanza, dakika 20 angalau, kisha mrudi mmalize, si yeye aende baraza mpaka saa sita usiku.

Mumeo akisema ni mambo ya kizungu, mwambie Suratun Nisaa aya ya 35 imetaja msuluhishi upande wa mume na upande wa mke, kwani hilo nalo la kizungu? Ingekuwa akupiga ningekwambia mengine, urudi nyumbani kwanza, mafunzo baadaye. Na huyo mdogo asolala usiku mtajeni kwa kaunsela pia, uchovu mwengine ni usingizi tu jamani.

Watoto waleteni kwangu Kisauni. Mkitoka huko msikimbilie kuwachukua, piteni Mama Ngina pale baharini mle mihogo. Pampasi uje nazo, mimi sinunui.

Mamako