Hua au njiwa?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema katika kitabu unachokitafsiri kuna ndege mweupe anayetua juu ya kaburi, nawe umekwama: umwite hua au njiwa? Tena unauliza kama hao ni ndege wawili au ni mmoja mwenye majina mawili.

Fungua Injili ya Mathayo katika ile Biblia yetu ya zamani. Sura ya 3, Yesu anabatizwa na Roho anashuka kama hua. Sura ya 21, anapindua viti vya waliokuwa wakiuza njiwa hekaluni. Ukisoma hivyo utadhani mmoja ni wa mbinguni na mwingine wa sokoni. Kumbe katika Kigiriki cha Mathayo neno ni lilelile, peristera. Wafasiri ndio waliowatenganisha. Siwalaumu, maana hua ni neno tamu mdomoni, lakini kila nikifika sura ya 21 nasikitika kidogo kwa ajili ya yule wa kuuzwa.

Hata hivyo hua ana mahali pake. Katika Luka sura ya 2, Yusufu na Mariamu wanatoa sadaka ya wasio na uwezo wa mwanakondoo, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hapo Kigiriki chenyewe kina maneno mawili, na hua ni yule mdogo wa porini. Wataalamu wa ndege nao wanawaweka wote katika familia moja yenye spishi zaidi ya 300, wala hawana mpaka wa kisayansi kati ya hua na njiwa. Wale weupe wanaorushwa harusini kwa kawaida ni spishi moja na wa kijivu wanaolala mapaani.

Kuna lugha ambazo haziwatenganishi hivyo. Kihispania kina paloma kwa yule wa mbinguni na wa sokoni pia. Mwaka 1949 mchoraji Mhispania Picasso, ambaye baba yake alikuwa mchoraji wa njiwa, alitoa picha ya njiwa kwa bango la kongamano la amani la Paris, na binti yake aliyezaliwa mwaka huohuo akamwita Paloma. Kwa Kiebrania njiwa ni yona, na ndilo jina la nabii Yona, Yunus wa Waislamu. Hili nalipenda mno: ndege anayesifika kwa kurudi kwao bila kupotea, na nabii mwenye jina lake akapewa ujumbe, akakimbilia upande mwingine!

Ndege huyohuyo wa amani amebeba pia barua za vita. Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne nchini Ufaransa, askari wa Marekani walikuwa wamezingirwa, na mizinga ya wenzao ikawa inawaangukia wao. Inasimuliwa kwamba walimrusha njiwa aliyeitwa Cher Ami. Alifika amepigwa risasi kifuani, mguu unaning'inia, na ujumbe ungali umefungwa mguuni. Mizinga ikanyamaza. Waliotoka hai walikuwa karibu 200.

Unamkumbuka yule tuliyemtunza kwenye boksi, ulipokuwa na miaka sita? Wewe ndiwe uliyegundua kwamba hanywi kama kuku. Kuku huchota tone akainua kichwa, yeye alizamisha mdomo akafyonza mpaka akatosheka. Ulilala kifudifudi sakafuni ukitazama koo lake likicheza, na shingo ikigeuka kijani, kisha zambarau, kila alipojisogeza. Alikuwa wa kijivu, wa kawaida kabisa, nawe ulimwona mzuri kuliko ndege wote.

Kwa hiyo mimi ningeandika njiwa. Kama mwandishi amemtaja yule mdogo wa porini, hapo andika hua bila wasiwasi. Lakini kama amesema tu kwamba ni mweupe na ametua kaburini, mwache awe njiwa. Ukishaiandika sentensi hiyo niletee niisome, hata kama umechagua tofauti na nilivyosema.

Mama yako