Kabla hujausoma wasiwasi wa dume kutoka kwenye homoni zake

Wengi wanaoanza kazi ya kufuatilia nyani porini huja wakiamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba dume mwenye testosteroni nyingi, yaani homoni ya kiume, ni dume asiye na wasiwasi. Amboseli, nchini Kenya, ambako nyani wamefuatiliwa tangu mwaka 1971, ilinifundisha tahadhari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusu madume 125 kwa kipindi cha miaka 9, ulionyesha kuwa testosteroni ilikuwa juu kwa madume wa vyeo vya juu, lakini dume wa nafasi ya kwanza alikuwa pia na homoni za msongo nyingi kumzidi yule wa nafasi ya pili. Kushika kilele kuna gharama yake, kwa kuwa dume huyo hupigana mara nyingi na huwalinda majike kutwa nzima.

Hata hivyo, homoni za msongo si wasiwasi wenyewe, kwa sababu hupanda pia mwili unapotumia nguvu nyingi. Wasiwasi huonekana katika vitendo ambavyo mnyama hujifanyia, hasa kujikuna. Wiki zangu za kwanza nilihesabu kila mkuno kuwa ni wasiwasi, mpaka mzee mmoja wa kambi aliponionyesha kupe waliojaa shingoni mwa dume niliyemwandika kuwa na hofu. Tangu hapo ninaandika mkuno pamoja na kilichoutangulia: nani amekaribia, kwa umbali gani, na kama kulikuwa na ugomvi.

Miayo ina mtego mkubwa zaidi. Majike wa rhesus, tumbili wa Asia, waliopewa testosteroni walipiga miayo zaidi, kwa hiyo ukiichukua miayo ya dume kuwa kipimo cha wasiwasi, kisha ukailinganisha na testosteroni yake, huenda unaipima homoni ileile mara mbili.

Kumbuka pia kwamba sehemu ya testosteroni hugeuzwa kuwa estradioli, homoni ya jamii ya estrojeni, ndani ya ubongo kwa kimeng'enya cha aromatasi, na kinyesi, ambacho ndicho tunachopimia homoni porini, hakikuonyeshi badiliko hilo. Zaidi ya hayo, kinyesi unachookota asubuhi hubeba habari za siku moja au mbili zilizopita. Basi kilinganishe na daftari la siku hizo, wala si na ugomvi ulioushuhudia saa ileile.