Mama wa mtoto mdogo na kazi ya kuchomelea mageti

Dada, umesema mtoto ametimiza miaka 2, unataka kurudi kazini, na badala ya kaunta ya duka unatamani kuchomelea mageti. Mama mkwe anacheka. Mwache acheke. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakataza ubaguzi wa kijinsia kazini, ingawa karakanani hakuna anayeisoma.

Kabla ya kulipa ada ya mafunzo popote, nenda Katwe, mtaa wa mafundi chuma jijini Kampala, siku ya kazi, umwombe fundi ukae pale kutwa. Tazama nani anashika mashine. Ukiona wasichana wamepewa brashi za rangi tu, tafuta kwingine. Uliza choo kiko wapi, usione haya. Vaa pamba, maana nailoni ikidondokewa cheche huyeyuka na kugandia ngozi. Miwani ya jua haitoshi kabisa: mwanga wa kuchomelea huunguza macho hata ya aliyesimama pembeni, usiku uhisi kama umetiwa mchanga. Kwa hiyo mtoto usiende naye.

Na mumeo? Kubalianeni mapema nani atamlisha mtoto siku mteja anapong'ang'ania geti lake jioni ileile.