Upanga, kitara au shoteli?

SWALI: Natafsiri maelezo ya picha za silaha za zamani za Uhabeshi. Nimeandika "Panga la Kihabeshi lenye mshikio wa mfupa wa kifaru." Mwenzangu amecheka tu, hasemi kosa liko wapi.

JIBU: Makosa yako matatu. Panga, wingi mapanga, ni la kufyekea shamba. Silaha ya vita ni upanga, na wingi wake ndio panga: upanga huu, panga hizi. Ukiandika "panga la Kihabeshi" msomaji anamwona mtu anakata migomba.

Halafu, upanga upi? Wahabeshi wenyewe wanatofautisha. Säyf umenyooka na una makali kuwili. Ni neno lilelile la akina Seif wa kwetu, na wazee wa pwani wangeuita upanga wa feleji. Gorade umepinda kidogo, makali upande mmoja. Huo ni kitara, usihangaike. Tena nyingi bapa zake zilifuliwa Solingen, Ujerumani, kwa hiyo Uhabeshi wa gorade mara nyingine umo mpinini tu! Shotel ndiyo ngumu. Imejikunja kama mundu, kiasi kwamba ncha yake iliweza kuzunguka ukingo wa ngao na kumchoma aliyejificha nyuma yake. Kitara hakipindi hivyo, na ukisema mundu umerudi shambani. Mimi ningeliacha jina lao, shoteli, kisha nieleze: upanga uliopinda kama mundu.

Sasa hapo pa kushikia. Kisu, jembe na upanga vina mpini. "Mshikio" linaeleweka, lakini mhunzi hangelitumia. Na pembe ya kifaru si mfupa hata kidogo. Imeumbwa kwa kitu kilekile cha kucha zetu, ndiyo maana ikisuguliwa hung'aa, na ikiwekwa kwenye mwanga kingo zake huonekana rangi ya asali. Ukiandika "pembe" peke yake wengi watafikiria ndovu. "Mpini wa kifaru" nao ni hatari, kwani kifaru cha jeshi nacho ni kifaru. Bahati nzuri neno tunalo tangu zamani za biashara ya pwani: kipusa, wingi vipusa.

Basi kama pichani ni gorade: "Kitara cha Kihabeshi chenye mpini wa kipusa." Hakikisha kwanza si mti, maana mipini ya mti ilikuwa mingi. Na vijana wakikuuliza kipusa gani huyo, waonyeshe picha.