Ukipangiwa Kusini, mtafute mjomba

Vijana wanaopangiwa mafunzo kwa vitendo huku kwetu, iwe hospitali ya Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi au Ndanda, huniuliza yale yale: nibebe kitabu gani, bingwa gani mkali, zamu za usiku zikoje. Kitabu beba chochote, utakisoma vipande vipande. Mabingwa wakali wapo kila hospitali nchini. Zamu utazizoea. Langu ni jingine, ambalo chuoni halikupewa hata kipindi kimoja: wajue ndugu wa mgonjwa wako, na ujue mapema nani kati yao mwenye kauli.

Nilikuwa wodi ya watoto, mvua zimekolea na malaria nayo imekolea. Alfajiri akaletwa binti wa miaka mitatu kutoka vijiji vya Tandahimba. Degedege lilimshika njiani. Ukimfungua kiganja hukuti wekundu wowote; anahema mbiombio, pua zinatanuka, mbavu zinabonyea. Kipimo kikaonyesha malaria, na wingi wa damu gramu 3.8 kwa desilita. Chini ya gramu 4 hakuna mjadala, mtoto anaongezewa damu. Uzito wake kilo 12, kwa hiyo sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali, miligramu 36, ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Damu mililita 240. Damu ya kundi lake ilikuwepo benki.

Sindano ya kwanza mama aliiachia, kwa shingo upande. Damu akakataa.

Hakugomba. Aliinamisha kichwa tu akasema, "Nawasubiri wenyewe." Mwenzangu wa zamu alikuwa ameshaanza kuandika kwenye faili kwamba mama ni mbishi. Sista mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Newala, akanivuta pembeni: "Dokta, huyo hawezi kusema ndiyo peke yake. Mjomba mmemuuliza?"

Wamakonde, kama Wayao, Wamakua na Wamwera, ukoo wao ni wa upande wa mama. Mtoto wa dada ana mjomba wake, na likija jambo zito mjomba huulizwa. Si kila nyumba inafuata hivyo siku hizi, mjini hasa, lakini damu ni jambo zito.

Na mjomba alikuwepo! Yuko nje chini ya mwembe tangu alfajiri, ameegemea pikipiki, hakuna aliyemsemesha. Nikamwamkia, nikaketi naye kwenye benchi. Maswali yake yalikuwa matatu. Damu hiyo ya nani? Mmeipima? Na mtoto mwenye degedege akichomwa, si ndiyo mnammaliza? Hilo la mwisho usilicheke. Wazee wameshuhudia watoto wakifikishwa hospitali wamechelewa, wakachomwa sindano na kufariki, na lawama ikabaki kwa sindano.

Nikamjibu moja moja. Damu imetolewa na watu wazima kwa hiari, imepimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha maabara wameilinganisha na ya mtoto. Malaria yenyewe ndiyo iliyoleta degedege na ndiyo inayovunja damu. Sindano inaua vimelea, ila damu iliyokwisha kuvunjika hairudishi. Akasema anataka kuona. Nikaingia naye, nikaweka kiganja cha mtoto kando ya kiganja chake. Akatazama, akamwambia dada yake maneno machache kwa Kimakonde, mama akasaini. Kisha akanigeukia: "Sasa mlikuwa mnangoja nini kuniita?"

Dakika 15 za kwanza za damu sikubanduka kitandani, maana mwili ukitaka kuikataa mara nyingi huonyesha mapema. Mchana mbavu zikatulia. Jioni binti akaangua kilio cha hasira akidai uji, na wodi ya watoto hakuna kelele tamu kuliko hiyo. Mjomba naye alishakwenda kuchangia damu ya kurudishia benki, yeye na vijana wawili. Mmoja akarudishwa kwa kuwa hajafika kilo 50, akanuna kuliko mtu yeyote siku ile. Nilitoka kazini miguu inawaka moto, nacheka peke yangu.

Basi unapompokea mgonjwa, pamoja na maswali yako ya homa na kutapika, uliza: umekuja na nani, na nyumbani anaulizwa nani? Andika namba ya simu kwenye faili. Ikiwa yuko shambani kwenye mikorosho, mpigie uweke sauti ya juu ili na mama asikie. Bibi asipoelewa Kiswahili chako, mwombe sista atafsiri, usimtwike kazi hiyo kaka wa mgonjwa wa darasa la tano. Wala usiwatishe watu kwa "mtoto wenu atakufa". Wengine wakishatishwa hubeba mtoto wao wakaondoka.

Na mwenye kauli akichelewa huku mgonjwa anazidiwa, mwite mkubwa wako wa zamu mara moja. Hapo si pa kungoja mtu, na si pa kuamua peke yako.