Kilichonitoa kitandani sicho kilichonibakiza barabarani

Jumapili ya tarehe 12 Agosti 2012, saa tisa alasiri na dakika chache, watu hapa Busia waliacha biashara zao. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka moja lenye televisheni, nimebanwa katikati ya madereva wa malori na wabadilisha pesa, Waganda na Wakenya tumechanganyika kama ilivyo desturi ya mpakani. Kule London mbio za marathoni za Olimpiki zilikuwa zinaelekea mwisho. Abel Kirui na Wilson Kipsang wa Kenya walikuwa pale mbele, na Stephen Kiprotich, kijana wetu wa Sebei, ameng'ang'ana nao. Zilipobaki kilomita tano hivi, akachomoka, akawaacha. Saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972. Dereva mmoja Mkenya alinishika mkono akanipa hongera kana kwamba nilikimbia mimi.

Kesho yake nilikwenda soko la Sofia nikanunua raba za mitumba. Jumanne nikakimbia, Jumatano nikakimbia. Alhamisi miguu ilikuwa imekakamaa hata kuchuchumaa siwezi, nikasema nipumzike kidogo. Sikurudi barabarani kwa miaka tisa.

Watu wakiniona asubuhi huniuliza nilianzaje. Mimi naona swali hilo linaangalia pasipo na shida. Kuanza nilianza mara nne. Kila sababu iliyonitoa nyumbani ilikuwa ya kweli, na kila moja iliisha nguvu, tena mapema kuliko nilivyodhani. Ikiwa unataka kukimbia mwaka ujao na mwaka wa baada yake, tafuta sababu ya pili wakati ile ya kwanza bado ina joto.

Sababu yangu ya pili ilikuwa hofu. Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kiti, hati, simu, chai yenye sukari na chapati, kuanzia asubuhi mpaka lori la mwisho la mteja livuke. Mwaka 2021 nilipimwa presha, ikasoma 150 kwa 95. Mama yangu aliondoka kwa kiharusi, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa maana ya namba hizo. Daktari aliniandikia dawa, akaniambia pia nitembee kwa kasi au nikimbie polepole, nifikishe dakika 150 kwa wiki, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima.

Nilitoka. Miezi mitatu sikukosa. Presha ikateremka, nikashukuru Mungu, na wiki ileile nikaanza kulala hadi saa moja. Nililifikiria sana jambo hilo baadaye. Hofu ilikuwa injini yangu, na mazoezi yenyewe ndiyo yaliyoizima. (Wewe mwenye presha, nakusihi: ikishuka usiache dawa kwa kujiamulia. Mazoezi huisaidia dawa. Kuiacha au kuipunguza ni neno la daktari.)

Aliyenirudisha ni jirani yangu, mama mmoja muuza mboga aliyenizidi miaka kumi na mitano. Alinikuta jioni nachota maji.

"Mwanangu, mbona siku hizi hupiti?"

"Nimechoka kidogo, mama."

"Basi kesho nisubiri pale kwenye mwembe. Miguu inaniuma kwa kusimama sokoni. Tutakwenda wote."

Usiku ule nilijua nitaamka. Sikufikiria presha wala Kiprotich. Niliona tu sura ya mama huyo amesimama gizani peke yake ananingoja. Hadi leo sijapata kitu chenye nguvu kupita hicho. Ukiwa peke yako utajisamehe kila siku, mara mvua, mara mgongo. Mtu anayekungoja njiani huwezi kumfanyia hivyo. Hata Kiprotich hakukimbia peke yake: kabla ya London alikuwa akijifua na wenzake upande wa Eldoret, na kule kwao Kapchorwa, Sebei, ukipita alfajiri utawakuta vijana wanapanda mlima kwa makundi. Tunawatazama mabingwa siku ya medali, tunasahau kwamba asubuhi za kawaida, zisizo na kamera, huwa wamezungukwa na watu.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwa anayeanza ni kutafuta mtu kabla ya kutafuta raba. Si lazima awe na mbio kama zako. Mama huyo mwanzoni alikuwa anatembea tu. Mimi nilikimbia mpaka kwenye nguzo, nikamrudia, tukatembea pamoja, nikakimbia tena. Bila kujua tulikuwa tumefanya lile ambalo anayeanza anapaswa kufanya: dakika moja ya kukimbia, dakika mbili za kutembea. Mwaka 2012 nilikuwa nimekimbia kama nafukuzwa, nikapata kichomi ubavuni na maumivu ya ugoko, nikaamini kwamba mwili wangu haukuumbwa kwa mbio. Mwili haukuwa na kosa. Moyo na mapafu huzoea katika wiki chache, lakini mifupa na kano hutaka miezi. Ndiyo maana wengi huumia pale wanapojisikia wazuri: pumzi imeshatangulia, miguu bado. Kipimo chetu kilikuwa maongezi. Tukishindwa kumaliza sentensi, tunapunguza mwendo.

Kwa wanawake wenzangu kuna neno la ziada, na silisemi kwa wepesi. Wiki za kwanza nilipigiwa miluzi na wa bodaboda, na ndugu mmoja wa mume wangu aliniuliza kama nyumbani hakuna kazi. Iliniuma. Nilivaa sketi ndefu juu ya suruali ya mazoezi kwa miezi kadhaa, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu ilinifanya nitoke. Agosti ya mwaka huo wa 2021 Peruth Chemutai alishinda mbio za kuruka viunzi na maji kule Tokyo, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Baada ya hapo shemeji hakuuliza tena. Tulipofika wanawake wanne, na miluzi ikakoma.

Saa ni jambo dogo lakini lina faida kwetu. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, saa kumi na mbili na nusu hivi. Wenzetu wa nchi za mbali hupangua ratiba kila majira. Sisi tukishachagua saa, imechaguliwa. Usikimbie gizani kwenye barabara kuu ya malori, kwa vyovyote. Sisi hushika barabara ya kuelekea Majanji, upande wa kulia, magari yatujie usoni tuyaone.

Mwaka wa pili nilijiandikisha mbio za Novemba kule Kampala, kilomita kumi. Kuwa na tarehe mbele yako kunasaidia kweli. Unajua wiki hii ni ya ngapi. Nilimaliza, nikalia pale mwisho, nikapanda basi kurudi Busia. Kisha wiki tatu sikugusa raba. Hakuna aliyekuwa amenionya kwamba baada ya sherehe huja utupu. Siku hizi nikijiandikisha mahali, hupatana na wenzangu kabisa: Jumanne inayofuata mashindano tukutane kwenye mwembe, hata kama ni kutembea tu.

Kinachonitoa sasa ni vigumu kukieleza. Mchana kutwa jina langu linaitwa: wateja, maofisa, watoto, mume. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja haliitwi. Nasikia hatua zetu na pumzi zetu, ukungu bado uko kwenye mashamba ya muhogo, na kitu fulani kichwani kinajipanga chenyewe. Hati iliyonishinda jana huifungua nikijua pa kuanzia. Sababu hii sikuijua nilipoanza na nisingeweza kuijua. Ilinichukua kama mwaka mzima kuifikia. Ningependa ufike nawe, na najua hutafika kwa kuambiwa.

Mama muuza mboga sasa anakimbia kilomita tatu bila kusimama. Ukiwa Busia, tuko kwenye mwembe Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo. Mgeni huwa tunatembea naye kwanza. Mvua ikinyesha tunangoja dakika kumi chini ya baraza la duka lililo mkabala, basi usirudi nyumbani ukidhani hatujaja.